Nimeiona cherehani ya Mama kwa fundi mwingine, na Jumamosi natakiwa nisimame nishukuru

Barua ya wiki hii imetoka Muheza, mkoani Tanga. Nimebadilisha mambo mawili matatu ili mwandishi asitambulike kirahisi. Mengine ni maneno yake mwenyewe.

*Shikamoo Anti,*

Mimi ni binti wa miaka 20, mtoto wa kwanza kati ya watatu. Nimemaliza kidato cha sita mwaka huu na nimechaguliwa kusoma shahada ya ualimu kwenye chuo kimoja Dodoma. Upande wa Baba mimi ndiye wa kwanza kufika chuo kikuu, kwa hiyo safari hii imekuwa ya mtaa mzima. Kila ninayepishana naye njiani ana wosia wa kunipa.

Baba ni mkulima wa machungwa. Mwaka huu aliyauza yakiwa bado mtini, machanga kabisa, dalali akayachukua kwa bei ya kutupa, ili hela ya ada ipatikane mapema. Bodi ya Mikopo imenipa fedha ya kujikimu na sehemu ya ada, sehemu iliyobaki ni yetu. Habari ya machungwa kila mtu anaijua kwa sababu Baba mwenyewe huisema, na ana haki ya kuisema.

Mama ni fundi cherehani. Ameshona barazani kwetu tangu sijazaliwa: sare za shule, magauni ya vitenge, mapazia, na viraka vya watu wasiolipa. Sketi yangu ya sekondari aliishona naingia kidato cha kwanza, akaacha pindo la vidole vinne. Kila Januari alikuwa analifumua, anashusha kidogo, anapiga pasi. Nimemaliza kidato cha nne na sketi ile ile. Chini ina mistari mitatu iliyofifia, kama ngazi.

Mwezi wa nane nilirudi kutoka kwa bibi nikakuta cherehani haipo. Mama akasema imekwenda kwa fundi, Tanga mjini. Sikushangaa. Ni ya zamani, ya kukanyaga kwa miguu, mkanda wake ulikuwa haukai, na Mama mwenyewe siku hizi anamwita mdogo wangu amtungie uzi kwenye sindano kwa sababu haoni vizuri. Pale ilipokuwa zikabaki alama nne za kutu kwenye saruji, za miguu yake. Sasa hivi hata hizo hazionekani, Baba amehamishia pale benchi lake. Zamani jioni alikuwa anakaa chini ya mwembe.

Wiki mbili zilizopita Mama alinipa hela nikanunue vitu vya chuo. Nilinunua ndoo na blanketi, nikapita upande wa mafundi karibu na stendi kutafuta zipu ya begi. Nikaiona. Anti, najua cherehani za kukanyaga zinafanana, lakini nikiwa darasa la nne niliandika herufi ya jina langu kwenye ubao wa ile ya Mama kwa ncha ya bikari, nikachapwa nikalala bila kula. Herufi ilikuwa pale pale, imejaa nyuzi na vumbi la vitambaa. Nikajifanya naulizia bei ya kushona. Fundi ni dada mchangamfu, akasema bila kuulizwa: "Hii nimeuziwa na mama mmoja, mwanawe anakwenda chuo." Laki mbili na ishirini. Nilirudi nyumbani kwa miguu. Nilishindwa kupanda bodaboda, niliona hata ile buku ya bodaboda ni mguu wa cherehani.

Kesho yake nilirudi nikamwambia yule dada ukweli. Akanyamaza, halafu akasema nikileta laki mbili na nusu kabla Januari haijaisha atanirudishia. Ameongeza kwa sababu ameshanunua mkanda mpya na kuitengeneza. Nyumbani sijamwambia mtu.

Sasa Jumamosi ijayo Baba ameandaa kisomo cha kuniaga. Watakuja wazee wa msikitini, majirani, ndugu kutoka Pangani. Ameniambia baada ya dua nisimame niseme neno la shukrani. Najua anategemea nimtaje yeye na machungwa yake, na anastahili. Lakini nitasimamaje nimsifie Baba mbele za watu, na Mama yuko uani na masufuria, na cherehani yake iko stendi? Nikiitaja, nitakuwa nimemuumbua kwa majirani na kwa Baba pia, maana nadhani Baba hajui. Nikinyamaza, nimekula jasho la mtu nikafuta mdomo.

Nimewaza nisiende mwaka huu, nifundishe watoto tuisheni mpaka niikomboe. Nimewaza bumu la kwanza, yaani hiyo fedha ya kujikimu ya Bodi, likitoka nilitume lote. Nimewaza nimwambie tu Mama kwamba najua. Shangazi juzi ameniambia, "Usije ukatupa asante ya punda." Alikuwa anatania, lakini usiku sikulala.

Tatizo jingine, sisi nyumbani hatuna mazoea ya kuambiana maneno matamu. Sijawahi kumsikia Mama akisema ananipenda, wala mimi sijawahi kumwambia. Tunaulizana kama umekula, basi. Nianzie wapi?

*Mwenye deni, Muheza*

*Marahaba mwanangu,*

Barua yako niliisomea jikoni, nikaunguza maharage. Nina watoto wanne, wawili wamepitia vyuoni, na nina jambo langu la namna ya mama yako ambalo sitaliandika hapa kwa sababu mwanangu wa pili husoma safu hii. Kwa hiyo ukiona mahali namtetea mama yako kupita kiasi, ujue chanzo ni hicho.

Kama nimekuelewa, umefunga vitu vitatu katika furushi moja. Kuna siri uliyoifumania, kuna hela unayotaka kuirudisha, na kuna maneno unayotakiwa kuyasema Jumamosi. Kwa kuwa vimefungwa pamoja, kila ukigusa kimoja vingine vinaanguka. Nimejaribu kuvifungua kimoja kimoja, na sikuahidi kwamba nitavikunja vizuri baadaye.

Nianze na hilo jina ulilojipa. Mwenye deni. Deni huwa na kiasi na huwa na tarehe, na wewe umeshavipata vyote viwili: laki mbili na nusu, mwisho wa Januari. Niwie radhi nikikuuliza, hivi hukupata nafuu kidogo siku yule dada alipokutajia bei? Maana kitu chenye bei kinaweza kulipwa kikaisha, mtu akalala. Sasa ile sketi je? Mama amekaa Januari tatu na wembe mkononi anafumua uzi mmoja mmoja asikate kitambaa. Hiyo utaipeleka kwa fundi gani akupigie hesabu?

Sisemi usiikomboe cherehani. Nasema tu kwamba ukiikomboa, Februari unaweza kujikuta bado una ule uzito, ukashangaa umetoka wapi.

Kwetu pwani mahari ikipelekwa, ndani yake mna kilemba cha baba na mkaja wa mama. Mkaja ni ile nguo anayojifunga mzazi tumboni baada ya kujifungua. Tazama walivyofikiri wale wazee. Mama anashukuriwa kwa jina, mbele ya watu, kwa zawadi inayotaja tumbo lake waziwazi, na katika kikao kizima hakuna anayedhani kwamba kipande kile cha nguo kimelipia uchungu. Kinautaja tu, basi, watu wanaendelea na pilau. Ila mtoaji ni mkwe, na siku yenyewe ni ya harusi. Kwa binti anayeondoka na ndoo na blanketi kwenda kusoma Dodoma, wazee hawakutuachia zawadi yenye jina, kwa sababu safari hiyo wengi wao hawakuijua. Ndiyo maana unahangaika. Usidhani umekosa adabu. Unatafuta njia mahali ambapo bado hapajakanyagwa.

Sasa siri. Umeandika kana kwamba cherehani imeibwa. Imeuzwa na mwenye mali, mtu mzima, mfanyabiashara, aliyejua bei yake na akapata laki mbili na ishirini kwa mashine iliyochoka mkanda. Inawezekana alilia usiku. Inawezekana pia alirudi kutoka stendi siku ile ametembea kifua mbele kuliko siku zote, kwa sababu mumewe alikuwa na machungwa ya kuuza na yeye pia alikuwa na kitu. Wewe humjui mama yako wa siku hiyo, hukuwepo. Na huo uongo wake, mwanangu, mbona ni mwembamba sana? Alikwambia cherehani imekwenda kwa fundi. Si iko kwa fundi?

Halafu kuna benchi. Hapo ndipo maharage yalipoungulia. Umeniandikia mwenyewe, pengine bila kusikia unachosema, kwamba Baba aliyekuwa akikaa chini ya mwembe amehamishia benchi lake barazani, juu ya zile alama nne. Nyumba yenye cherehani ina mlio wake. Mwanamume aliyeusikia mlio ule miaka ishirini na zaidi, ukakatika tangu Agosti, hajauliza? Huenda kweli hajui, amefuata upepo tu. Huenda anajua na anaficha zile alama ili mkewe asiulizwe na kila anayepita. Huenda waliamua wote wawili usiku mmoja na wewe ukiwa kwa bibi, ndiyo maana ikauzwa wakati huo. Mimi siko Muheza, siwezi kukuapia. Lakini hofu yako kubwa, ile ya kumuumbua Mama kwa Baba, imesimama juu ya neno "nadhani". Kabla ya Jumamosi ningekaa kwenye lile benchi jioni moja, karibu na Baba, bila swali. Tazama tu anaweka miguu wapi.

Nigusie jambo ambalo hukuliuliza. Umezungumza habari ya mapenzi na aibu, hukusema kitu kuhusu kipato. Fundi wa sare anaila Januari yake mwaka mzima. Mwanamke mwenye cherehani ana hela ya chumvi ambayo haombi kwa mtu. Januari ijayo wazazi watakuja na vitambaa vya bluu mkononi kama kawaida, watamkuta Mama hana cherehani. Kisha mwezi wa pili akitaka hela ya daftari la mdogo wako, atamwomba Baba, ambaye machungwa yake yalishauzwa machanga. Hapo ndipo palipo na jeraha, kama lipo. Au pengine halipo. Umesema haoni tena tundu la sindano na anaitiwa mtoto wa kumtungia uzi. Wako mafundi waliochoka wanaotafuta sababu ya heshima ya kuacha, na mtoto anayekwenda chuo ni sababu nzuri kuliko zote. Ukimrudishia cherehani mama aliyefurahi kuiacha, umemrudishia kazi.

Utajuaje? Kuna swali moja unaloweza kumuuliza bila kufungua mlango wowote kwa nguvu: "Mama, sare za Januari ijayo utafanyaje?" Uliza hivyo, kisha uendelee kuchambua mchele. Akisema, "Nitapumzika, macho yamechoka," umepata jambo. Akisema, "Itakuwa imeshatengenezwa," nalo ni jambo. Akikaa kimya muda mrefu ndipo utakapojua kwamba swali limefika.

La bumu tulipigie hesabu kama wafanyabiashara, maana moyo huwa haujui kujumlisha. Fedha ya kujikimu kwa anayepata kiwango kamili ni shilingi 10,000 kwa siku. Laki mbili na nusu ni siku 25 za kula na kulala kwako. Fedha yenyewe haikusubiri getini siku unayofika. Kuna kusajiliwa, kuna kusaini, kuna kungoja, na hapo katikati utakuwa umeshakopa kwa wenzako. Kisha ni mkopo, mwanangu. Ukishaajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi mpaka uishe, kwa hiyo cherehani hiyo utailipia mara ya pili ukiwa mwalimu. Vijana wengi wanafanya hivyo na siwezi kuwalaumu, nyumba nyingi nchi hii zina bati la bumu. Lakini jiulize Mama atasemaje akigundua kwamba cherehani imerudi kwa sababu wewe mwezi mzima ulikuwa unakula mlo mmoja. Siku hiyo mtakuwa wawili wenye siri, na kila mmoja amemfichia mwenzake njaa yake.

Njia za kati zipo. Yule dada wa stendi anaonekana ana moyo. Angeweza kusikiliza habari ya kulipwa kidogo kidogo, elfu 30 leo, elfu 50 mwezi ujao, tarehe ikasogea mpaka likizo yako ndefu uje ufundishe hiyo tuisheni. Au Mama akashonee sare pale pale kwake Januari, wagawane. Mjomba mmoja akijua angeweza kushika upande mmoja wa mzigo. Kila njia ina mwiba wake, kwa sababu kila anayeongezwa ni mdomo mwingine. Na hapo nikutahadharishe: umeshamweleza ukweli mtu anayefanya kazi stendi. Muheza si kubwa. Habari hii inaweza kumfikia Mama kabla yako, ikiwa imevaa nguo nyingine: "Binti yako alikuja kuidai cherehani." Hilo peke yake halikulazimishi kusema, lakini muda wako ni mfupi kuliko unavyodhani.

La kutokwenda mwaka huu nitalipita haraka. Nafasi ya chuo na mkopo havikunjwi vikawekwa kabatini ukavikuta vimekaa vile vile. Usiahirishe chochote kabla hujaiuliza ofisi ya udahili ya chuo na Bodi yenyewe utapoteza nini. Na ukibaki, cherehani itakuwa imeuzwa ili ndoo ikae uvunguni. Ninachojiuliza ni kama ndani ya wazo hilo hakuna woga kidogo wa safari, umejificha nyuma ya Mama. Kama upo, si aibu. Niandikie huo peke yake, tutauzungumza.

Sasa Jumamosi. Katika kisomo kama hicho huenda shehe akaisoma ile aya ya 14 ya sura ya Luqman. Ikisomwa, sikiliza ilivyopangwa. Amri ni ya kuwashukuru wazazi wote wawili. Lakini kazi inayotajwa ndani yake ni ya mama: kubeba mimba, udhaifu juu ya udhaifu, na kunyonyesha mpaka kuachisha ziwa katika miaka miwili. Baba hakupunguziwa kitu kwa mama kutajwa. Nadhani unaweza kusimama hapo hapo. Mtaje Baba na machungwa yake, na umtaje vizuri, maana mkulima anayeuza tunda changa anajua kabisa anapoteza nini, kila siku anapita chini ya miti ile akiona linavyonenepa kwa faida ya mtu mwingine. Usimpunguzie Baba ili umjazie Mama. Kisha kuna jambo la Mama ambalo si siri ya mtu, mtaa mzima umeliona likipita kwenda shule miaka minne. Mistari mitatu. Mtu anaweza kumshukuru mama yake kwa pindo la sketi, akashuka, na hakuna aliyeumbuliwa. Mwenye kuelewa zaidi ya hapo ataelewa, na kama Baba anajua, atainamisha kichwa.

Hatari ipo. Wako akina mama wanaochukia kutajwa hadharani, akiitwa atoke uani anatoka na mwiko mkononi na hasira usoni. Wewe unamjua wako. Kama ni wa namna hiyo, sema machache barazani, mengine yapeleke jikoni.

Na kuna neno ambalo sikuliona kwenye barua yako nikashangaa, kwa sababu ni la kwetu na ni la siku kama hiyo. Radhi. Anayeondoka nyumbani haishii kwenye asante. Anakwenda kwa mama yake, anakaa chini, anashika mkono au goti, anasema, "Mama, naomba radhi zako." Neno hilo lina uwazi mkubwa ndani. Linaingia uliyomkosea ukijua na usiyojua, herufi ya bikari imo, cherehani imo, na hakuna anayedai uyataje moja moja. Kwa watu msiozoea maneno matamu nadhani ni neno jepesi kuliko "nakupenda", kwa sababu mmeshapewa tayari, hamlitungi.

Je, umwambie kwamba umejua? Nimekaa na swali hilo siku nne, nikijiuliza kama mimi ningetaka langu lijulikane. Siku mbili nilisema ndiyo. Siku mbili nilisema hata kidogo.

Usipomwambia, unamwachia kitu alichokichagua, yaani kutoa bila kutazamwa. Lakini utakwenda nayo Dodoma. Nimewaona watoto wanaosoma na mzigo wa namna hiyo. Mwenzake akipata alama mbaya anasikitika, jioni anasahau. Yeye anajiona mwizi. Anashindwa kununua soda. Anashindwa hata kusema kozi imemshinda, kwa sababu atamwambiaje mtu aliyeuza cherehani? Ukijiona una dalili hizo tangu sasa, na hadithi yako ya bodaboda inanitia wasiwasi kidogo, basi kimya hiki kinaweza kukugharimu kuliko laki mbili na nusu.

Ukimwambia, anaweza kulia, anaweza kucheka, anaweza kuja juu: "Nani kakwambia?" Anaweza kukana kabisa, akashikilia kwamba iko Tanga mjini. Akikana, usimletee ushahidi wa ile herufi kama askari. Mwache ashike mlango wake. Ukishaondoka atabaki na muda wa kufikiri kwamba ulijua na ukamsitiri, na hilo nalo si dogo. Kama utasema, mapema asubuhi ya Jumamosi ni saa nzuri, wageni hawajafika, vitunguu bado vinamenywa. Akina mama wa kwetu huongea mikono ikiwa na kazi, na machozi ya vitunguu hayaulizwi.

Ungeweza pia kusema nusu. "Mama, najua hela hii haikuokotwa." Kisha unyamaze, umwachie yeye achague ukubwa wa jibu.

Umesema nyumbani mnaulizana kama umekula, basi. Mbona umeliandika kwa kulidharau? Nakuomba uende nalo hilo hilo. Atakapokupigia simu uko Dodoma akuulize kama umekula, usimkatie kwa "ndiyo". Mwambie umekula nini, wali ulikuwa mgumu au laini, nani alipika, ulikaa na nani. Mama aliyeuza kitu ili wewe uwe mahali fulani anataka kupaona. Mpe mpaka rangi ya ndoo na mahali ilipowekwa chumbani.

Safari ni ndefu, Segera, Chalinze, Morogoro, mpaka ufike Dodoma miguu imevimba. Weka hela ya njiani mfuko wa ndani, na upande bodaboda bila kujihesabia. Ukishatulia niandikie. Sitakuuliza uliamua lipi. Nataka tu kujua Mama alijibu nini habari ya sare za Januari, na lile benchi, ulipoliacha, lilikuwa bado pale pale au limerudi mwembeni.

Anti yako